Binti Anayetaka Udaktari Aombe Kwanza Kuona



Mwezi huu mama watatu wa vikundi vyetu wametuletea swali moja. Binti anakaribia kumaliza sekondari, sehemu ya sayansi. Anasema anataka kuwa daktari. Baba anafikiri kuuza shamba la mpunga ili apate pesa za kumpeleka Bukavu. Mama halali usiku. Anauliza: "Mwalimu, tuanzie wapi?"

Jibu letu ni fupi. Kabla ya kuuza kitu chochote, mtoto aombe ruhusa ya kumfuata daktari asubuhi chache, aone kazi hiyo kwa macho yake. Masomo ya udaktari ni ya miaka mingi, si miwili wala mitatu. Shamba likiuzwa halirudi. Asubuhi tano za kuangalia hazigharimu kitu.

Lakini kuna namna ya kuomba, na kuna namna ya kukaa baada ya kukubaliwa. Hiyo namna ya pili ndiyo ngumu zaidi, na inatuhusu sisi wamama kuliko tunavyodhani. Tutawaeleza tulivyojifunza, kwa maana tulikosea kabla ya kujua.

Kwetu jambo hili halijawa desturi. Mwanafunzi huingia hospitalini kwa staji, na staji huja baada ya kuandikishwa shule ya uuguzi au chuo kikuu, akiwa na barua ya shule mkononi. Wakati huo pesa zimekwisha kulipwa. Akigundua kwamba kazi hii haimfai, amechelewa. Huko Marekani, kijana anayetaka kuingia shule ya udaktari huomba mapema kumfuata daktari, akitembea nyuma yake kama kivuli, aone anavyopokea wagonjwa. Huku kwetu njia hiyo haijalimwa, lakini kuomba kunawezekana.

Na sisi walimu tunaijua faida yake. Tulipokuwa kwenye chuo cha ualimu, kabla ya kupewa chaki tulikaa siku nyingi nyuma ya darasa la mwalimu mwingine, tukiangalia na kuandika. Wenzetu wengine waliona hapo kwamba kelele za watoto hamsini si zao, wakageuza njia mapema. Hakuna aliyewacheka.

Tena tunao mfano wa karibu sana. Daktari Denis Mukwege, ambaye dunia nzima inamjua, alizaliwa Bukavu mwaka 1955, baba yake akiwa mchungaji. Ameeleza mwenyewe kwamba siku moja, akiwa mtoto, alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Akashangaa kwamba baba anaomba tu na hatoi dawa, wakati yeye akiugua hupewa dawa. Baba akamjibu kwamba kutoa dawa ni kazi ya waganga, na yeye si muganga. Hapo kijana akaamua: baba ataomba, na yeye atatibu.

Alisomea udaktari Bujumbura, ng'ambo ya ziwa letu, akamaliza mwaka 1983. Akaja kufanya kazi Lemera, milimani juu ya bonde letu la Ruzizi, hapa hapa katika teritwari yetu ya Uvira. Alikuwa amekusudia kutibu watoto. Lakini pale Lemera akaona wamama wakiletwa wamechelewa, uzazi umeharibika, wengine wakifa. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera mwaka 1989. Mwezi wa kumi 1996 hospitali ile ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani. Wazee wetu bado wanaikumbuka siku hiyo. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanza kazi Bukavu, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Tunayasema haya kwa sababu moja. Mtu huyu aligeuzwa mara mbili na kuona: mara ya kwanza akiwa mtoto nyuma ya baba yake, mara ya pili akiwa daktari mpya kati ya wamama wa Lemera. Kama asingeona, asingejua anaitwa wapi.

Sasa makosa yetu.

Kiangazi kilichopita mama mmoja wa kikundi alituletea binti yake. Mtoto ana akili, hesabu zake ni nzuri, na neno lake ni moja: udaktari. Tukasema tutamwandikia barua. Tukaandika kama tulivyofundishwa kuandika barua ya kuomba kazi: Kifaransa kikubwa, heshima juu na heshima chini, ukurasa mmoja na nusu. Tukampeleka wenyewe kwenye hospitali moja ya barabara yetu. Tukafika siku ya kupima wajawazito, ukumbi umejaa, daktari hana hata nafasi ya kunywa maji. Karani akaichukua barua, akaitazama juu juu, akaiweka.

Wiki tatu zikapita. Tuliporudi kuuliza, tukakuta barua yetu imewekwa katika rundo la waombaji wa kazi. Mtu asingelaumiwa. Barua ilikuwa inasema "ninaomba nafasi katika huduma yako tukufu," na katika ukurasa mmoja na nusu hatukuandika mahali popote kwamba mtoto anataka tu kuangalia.

Tukaanza upya. Safari hii binti akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, na sisi tukasahihisha tu. Tunawapa hapa maneno yake, ili atakayependa ayafuate, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa chepesi:

"Daktari, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya sayansi. Ninafikiri kusomea udaktari, lakini sijawahi kuona kazi ya daktari isipokuwa nikiwa mgonjwa. Ninaomba ruhusa ya kukufuata asubuhi tano, siku utakazochagua wewe, niangalie tu. Siombi kazi wala malipo. Sitagusa mgonjwa, dawa wala chombo. Mgonjwa akisema nitoke, nitatoka. Nitakayoyaona na kuyasikia nitayaacha hospitalini. Mama yangu na mwalimu wangu wametia sahihi hapa chini. Ukiona haiwezekani, nakushukuru kwa kuisoma barua hii."

Ni hayo tu. Angalieni, wamama, kila neno lina kazi yake. Anasema yeye ni nani. Anasema siku ngapi, ili daktari asiogope kwamba amepata mzigo wa mwaka mzima. Anasema hataki pesa. Anamwachia daktari mlango wa kukataa bila aibu. Na sahihi ya mzazi inaonyesha kwamba mtoto hakutoroka nyumbani.

Tukaipeleka siku isiyo ya kliniki, saa za mchana, watu wamepungua. Siku nne baadaye daktari akamwita binti pamoja na mama yake. Hakumwuliza alama za shule. Alimwuliza: "Nikikuambia utoke chumbani, utafanya nini?" Binti akajibu: "Nitatoka, Daktari. Kama kuna swali, nitauliza baadaye." Daktari akasema: "Njoo siku ya kwanza, saa moja na nusu, viatu vilivyofungwa, kucha fupi, simu ibaki nyumbani."

Hilo la simu tulishangaa kidogo. Baadaye tulilielewa sana.

Asubuhi ya kwanza binti aliona daktari akinawa mikono kuliko alivyowahi kumwona mtu yeyote akinawa. Aliona kwamba nusu ya kazi ni kuandika kwenye fishi za wagonjwa. Asubuhi ya pili akaona kidonda kikifungwa, na macho yake yakaanza giza. Muuguzi mmoja mama akamwambia: "Kaa chini kabla hujaanguka, mwanangu. Hata mimi ilinipata." Akakaa. Kesho yake akarudi. Hayo alitueleza, kwa sababu ni habari zake mwenyewe.

Asubuhi ya tatu ndiyo iliyotufundisha sote. Mama mmoja aliingia kupimwa. Daktari akamweleza kwamba huyu ni mwanafunzi, amekuja kuangalia, je, anakubali akae? Yule mama akamtazama binti, akamtambua. Akasema: "Huyu ni mtoto wa kwetu. Atoke."

Binti akatoka. Akakaa kwenye benchi nje, chini ya mwembe, karibu nusu saa, mpaka alipoitwa kwa mgonjwa mwingine. Daktari hakumkasirikia mgonjwa wala binti. Kazi ikaendelea.

Sasa, yule mama naye ni wa kikundi chetu. Siku chache baadaye, tukiwa mtoni tunafua, alituambia mwenyewe: "Mwalimu, sikumkataa mtoto. Niliona maneno yangu yakitangulia kufika barabarani kabla sijafika mimi."

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu hapa Runingu anajua maana ya maneno hayo. Kijiji chetu kiko kando ya barabara kubwa, na habari hupanda kila pikipiki. Kama yule mama angelazimishwa, angejibu maswali ya daktari nusu nusu. Labda asingerudi tena. Mara ngapi mama mwenzetu amebaki na ugonjwa wake nyumbani, si kwa kukosa pesa tu, bali kwa kuogopa kuonwa na mtu anayemjua? Ugonjwa wa yule mama ulikuwa gani? Hatujui, na hatutauliza.

Kumbe ruhusa ya daktari ilikuwa ni nusu tu. Daktari anaweza kumfungulia binti mlango wa hospitali. Lakini mwili ni wa mgonjwa, na maneno ni ya mgonjwa, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa hiyo nyingine. Mama, nawe siku moja utakuwa kwenye kile kitanda. Ukiulizwa kama mwanafunzi abaki, una haki ya kusema ndiyo, na una haki ya kusema hapana, na matibabu yako yasipungue kwa sababu hiyo. Na daktari akisahau kukuuliza, uliza wewe: "Huyu ni nani?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Bado kuna ruhusa ya tatu, nayo iko jikoni kwetu.

Jioni ile ile, binti anatwanga sombe, mama yake akamwuliza: "Leo ulimwona nani huko?" Binti akajibu: "Niliona kazi, mama." Mama akauliza tena: "Kazi ndiyo, lakini nani alikuja?" Binti akarudia jibu lile lile. Mama akakasirika. Akaja kwetu kulalamika: "Mtoto ameanza kutuficha. Udaktari bado, majivuno tayari!"

Tuseme ukweli wote, wamama. Tulipomwita binti tukae naye, ati tumpatanishe na mama yake, sisi wenyewe tukamwuliza: "Lakini kweli, ni nani yule aliyekukataa?" Wakati huo tulikuwa bado hatujaenda mtoni na yule mama. Binti akainamisha kichwa kwa heshima, akasema: "Mwalimu, ninyi ndio mlisahihisha ile barua."

Tuliona aibu. Barua ilisema "nitayaacha hospitalini," na sisi tuliotia sahihi ndio wa kwanza kumwomba ayalete nyumbani.

Jambo hili ni la zamani. Kiapo cha waganga kinachoitwa kwa jina la Hippocrates, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, tayari kilimtaka muganga anyamaze juu ya yale anayoyaona na kuyasikia katika nyumba za watu. Sheria ya adhabu ya Kongo, ibara ya 73 ya kitabu cha pili, nayo inamwadhibu mtu aliyepewa siri kwa sababu ya kazi yake akaitoa bila sheria kumruhusu. Binti yetu hajaapa bado, na hana kazi bado. Lakini mtoto anajifunza siri kabla ya kujifunza dawa. Tukimzoeza kutoa habari jioni kama malipo ya chakula, tunamharibia udaktari wake kabla haujaanza. Na tunamharibia daktari aliyemkubali, kwa sababu siku neno la mgonjwa likisikika sokoni, mlango ule utafungwa kwa binti huyu na kwa mabinti wote watakaokuja nyuma yake.

Basi, mama, uliza mengine. Muulize: Ulichoka? Ulijifunza nini? Uliogopa? Daktari alikula saa ngapi? Hayo yatawatosha kuzungumza mpaka bukari iive. Usiulize jina, usiulize ugonjwa, usiulize ametoka upande gani. Na jirani akija kuchungulia habari, mjibu wewe, usimwachie mtoto: "Alikwenda kuona kazi."

Kuna neno moja tena, na hili tulisema bila aibu, kwa sababu sisi ni wazazi. Ruhusa ya kuangalia haina bei. Hakuna pesa ya kulipa, hakuna kuku wa kupeleka, na hakuna kitu kingine chochote cha kutoa. Binti aende asubuhi, arudi mchana. Asikae zamu ya usiku. Akiwa chumbani na mwanaume, awepo na muuguzi mama au mgonjwa, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Akiitwa peke yake mahali pasipo na kazi, asiende. Mtu yeyote akimwambia kwamba ruhusa itaendelea ikiwa atakubali jambo la mwili, binti atoke hapo hapo, aje akueleze, na wewe umwamini. Sheria ya 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kijinsia inaadhibu hata usumbufu wa namna hiyo. Madaktari wengi ni watu wa heshima, na mwenye heshima hatachukia masharti haya. Daktari wetu aliyaweka mwenyewe kabla hatujayasema.

Tena, kipindi cha kipindupindu au cha ugonjwa mwingine wa kuambukiza, daktari akisema "si sasa," kubalini. Pwani yetu hii inakijua kipindupindu vizuri. Hospitali ikiwa vitani na ugonjwa haihitaji mtu wa kutazama, na mtoto hana haja ya kuleta ugonjwa nyumbani. Na kama mahali penu hakuna daktari, kituo cha afya kina muuguzi mkuu na mkunga. Barua ni ile ile. Kazi yao nayo ni ya kuonwa, na mabinti wengi wanaotaja udaktari hawajawahi kufikiri juu ya ukunga, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha.

Mtauliza yule binti aliishia wapi. Alimaliza asubuhi zake tano. Siku ya mwisho aliandika barua fupi ya shukrani, na muuguzi aliyemwambia akae chini akamshika mkono. Bado anataka udaktari. Anasema sasa anajua pia kwamba uuguzi ni kazi kamili, si kazi ya aliyeshindwa, na akikosa njia moja atafuata nyingine. Baba hajauza shamba. Wamelima mpunga msimu mmoja tena, na mavuno yake ndiyo yatakayolipa mwanzo wa masomo, mtihani wa Serikali ukienda vizuri. Mengine wataona mbele.

Na mama yake hamwulizi tena. Majuzi tulimsikia akimjibu jirani: "Alikwenda kuona kazi." Tukacheka, naye akacheka.

Mama mwenye binti wa mwaka wa mwisho, mlete siku ya mkutano wetu wa kawaida akiwa na karatasi na kalamu. Ataandika barua yake mwenyewe, nasi tutaisoma naye. Ninyi wamama mtaitia sahihi. Lakini kabla ya kutia sahihi, soma lile neno la siri polepole, mara mbili, maana na wewe litakufunga.

Mbaki salama.